Tumbo Lisilo na Kovu

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza leo. Injinia wangu ameniambia, "Mama, si kila kinachokujia kichwani unipigie simu, mwenzio niko darasani. Kiandike." Basi naandika. Nahisi alidhani nitashindwa kwa kuwa niliishia darasa la saba. Hajui kwamba mwandiko wangu ulikuwa ukipelekwa darasa la juu wakauone.

Mimi ni mshona mapazia. Nyumba nzuri za mji huu, nyingi tu, mwanga unaoingia sebuleni nimeupitisha mimi. Nina binti mmoja, naye anasoma uinjinia wa madaraja ng'ambo, chuo kikuu hasa, si vile vya uchochoroni. Hajamaliza, ila mimi namwita Injinia mapema ili masikio ya watu yazoee.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye mkataji. Chumba chetu kimoja, meza yake ya kukatia iko dirishani, cherehani yangu mlangoni. Leo amekuja mteja, nikawa namweleza habari za Injinia, wifi akasema bila kuinua macho, "Wifi, mwenzako amekuja kuulizia pazia, hakuja kuposa."

Ana kijicho. Namvumilia.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Nilikiloweka kitambaa cha bwana wa duka la rangi kisije kikarudi na kuwa kifupi baada ya kushonwa. Sasa hakikauki.

Jumapili, 10 Machi

Leo nina la kuandika!

Injinia anakaa chumba kimoja na msichana wa huku huku kwetu, anayesomea maabara. Mimi namwita Kicheko, maana nikipiga simu nasikia kicheko chake kabla sijasikia "shikamoo mama" ya mwanangu. Basi jana Kicheko alianguka bafuni kwa maumivu ya tumbo, akabebwa na gari la wagonjwa, mwanangu akapanda naye. Kufika mapokezi wakaulizwa kadi ya bima. Kumbe Kicheko hana! Mjomba anayemsomesha hakumlipia bima muhula huu, na yeye akanyamaza, akajiambia mimi kijana, nitaumwa nini. Na kule wanafunzi wanaotoka nje, bila bima, wanatibiwa halafu deni linawafuata mpaka kaburini.

Mwanangu akatoa kadi yake. Haina picha, ina jina tu na namba. Akasema, "Hii hapa, kadi yake." Na kwa macho ya watu wa kule wale wawili ni mtu na pacha wake. Kicheko akaingizwa kwa jina la mwanangu, akapasuliwa kwa jina la mwanangu, akatolewa kidole tumbo. Leo amekunywa uji.

"Mama, nimekosea?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Umekosea nini? Mwenzio afe na wewe umekumbatia kadi? Hapo ndipo najua nimezaa." Ndivyo tunavyoishi. Sufuria kubwa ya kwetu imepika shughuli za mtaa mzima. Gauni langu la harusi limeolewa mara nyingi kuliko mimi. Hata kadi ya baba yake iliwahi kumtibu binamu yake goti, daktari akaita jina la mume wangu na binamu akaitika bila kupepesa.

Nikamsimulia wifi huku nimejipiga kifua. Mkasi wake ukasimama katikati ya kitambaa.

"Sasa kwenye kompyuta ya hospitali, nani kapasuliwa?"

"Injinia."

"Na Injinia mwenyewe akija kuumwa?"

"Wifi, una mdomo wa mkosi wewe."

"Nimeuliza tu," akasema, akaendelea kukata.

Jumanne, 12 Machi

Nimewaambia wateja kwamba binti yangu ameokoa maisha ya mtu. La kadi sijalitaja. Mama mmoja wa mapazia ya chumba cha wageni amesema, "Hongera, umelea." Nimempunguzia bei ya pindo.

Jumanne, 19 Machi

Mvua tu. Sindano mbili zimevunjika. Kicheko amerudi darasani, nimemsikia akicheka kwenye simu, ingawa anasema akicheka anajishika.

Jumatatu, 25 Machi

Injinia anasema tumbo linamuuma tangu jana, kitovuni, na chakula hakitaki. Nimemcheka. Nimemwambia huo ni woga, umeuguza mwenzio na sasa mwili wako unamuiga. Mimi mwenyewe jirani yangu alipokuwa na mimba, nilitapika naye mpaka mwezi wa nne.

"Kunywa maji ya moto ulale, mama'ngu."

"Haya mama."

Hakucheka.

Jumanne, 26 Machi

Leo nisamehewe mwandiko.

Maumivu yamehama kitovuni, yameshuka chini upande wa kulia. Amempigia nesi wa zahanati ya chuo, maana kule unaanza kwa simu, unaeleza, wanakuangalia kwenye kompyuta, ndipo wanakupa nafasi. Nesi akafungua jina lake. Injinia amenisimulia neno kwa neno, tena kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu mlangoni.

Nesi akasema, "Naona ulitolewa kidole tumbo mwezi huu. Vizuri, basi hilo halitutii wasiwasi. Kidonda cha operesheni kinaendeleaje?"

Na mwanangu akajibu, "Kinaendelea vizuri."

Kidonda kipi? Tumbo la mwanangu ni zima kama kitambaa kilichotoka dukani! Nimemwogesha mimi, nalijua. Hapo ndipo nilipoliona swali la wifi, na sikutaka kumtazama wifi.

Nesi amempa nafasi kesho, daktari ampapase tumbo. Injinia haendi. Akifunua nguo, daktari ataona hakuna kovu. Atauliza. Akiuliza, imekwisha. Wanafunzi wote walisomewa siku ya kwanza kwamba kumpa mtu kadi yako ni udanganyifu, unaweza kufukuzwa chuo, na ukifukuzwa chuo kibali cha kukaa kinakufa papo hapo.

"Mama, nifanye nini?"

Naandika nilichomjibu, kwa kuwa nilikisema. Nilimwambia, "Usiende. Mwambie nesi zilikuwa siku zako na umepata nafuu. Vumilia. Tumbo ni tumbo, litapoa." Niliwaza mtaa mzima unaomwita Injinia. Niliwaza ataingiaje tena kwa ule mlango na masanduku yake, nitawaambia nini watu.

Jumatano, 27 Machi

Ana homa. Nimeshona pazia moja upande wa nyuma ukiwa mbele, nimefumua, nimeshona tena vilevile.

Baba yake ni fundi redio, si mtu wa maneno. Nilipomwambia alisimama, akachukua ufagio, akafagia uwanja uliokuwa umekwisha kufagiliwa, mvuani.

Wifi ameniuliza, "Ameonwa na daktari?"

"Anaendelea vizuri."

"Mimi sikuuliza anaendeleaje."

Alhamisi, 28 Machi

Nitaandika yote, hata kama ni mpaka mafuta ya taa yaishe, maana umeme umekatika na mvua.

Asubuhi Injinia alinipigia. "Mama, yamepoa. Ghafla tu, kama mtu amezima taa." Niliruka. Nilimkumbatia wifi na mkasi wake mkononi, karibu anikate. Nikaimba. Nikamwambia, "Unaona? Uliniona mjinga. Mtoto wangu ana mwili wa chuma."

Wifi akasema, "Alhamdulillahi, ikiwa ni hivyo."

Kitambaa cha bwana wa duka la rangi hakijafika hata nusu, simu ikalia tena. Namba ni ya Injinia lakini sauti si yake. Na hakukuwa na kicheko.

"Shikamoo mama. Ni mimi, mwenzake."

"Marahaba mwanangu. Mbona unaongea hivyo?"

"Niko korido, asinisikie. Mama, mimi yalinipata hayohayo. Daktari aliniambia kabla ya kunipasua kwamba nina bahati, ningechelewa lingepasukia ndani. Aliniambia likipasuka maumivu hutulia kidogo, mtu anafurahi, na hapo ndipo anapokufa. Mama, yeye yametulia. Na sasa anatetemeka, midomo imemkauka, ananiita kwa jina la shangazi yake."

Shangazi yake ni huyu wifi. Niligeuka, nikamwona amesimama ananitazama.

"Kwa nini hujamwita daktari?" nilimfokea.

"Ameniapisha, mama. Anasema nikiita daktari watajua, na wakijua, anayefukuzwa ni mimi. Na anasema mama yake amemkataza asiende."

Sikuwa na kiti karibu, nilikaa juu ya marobota ya vitambaa. Mwanangu anakufa kwa kumficha mwenzake na kunitii mimi.

Ukutani kwenye chumba chetu cha kazi kuna karatasi ambayo chuo kilituma kwa wazazi mwaka jana. Ina nembo ya dhahabu, ndiyo maana niliibandika, wateja waione. Wifi ndiye aliyewahi kuuliza imeandikwa nini. Ni namba ya ofisi inayowashughulikia wanafunzi wa kutoka nje. Nilikuwa nikiamini ofisi ile ipo kwa ajili ya kuwakamata. Mimi tangu nizaliwe ofisi naijua kwa kufukuzwa: njoo kesho, leta kile, simama kule. Haijanipitia akilini kwamba kuna ofisi unayoipigia unapolia.

Wifi alikuwa ameshaibandua karatasi. Alibonyeza namba kwenye simu yangu, akasema yale maneno mawili anayoyajua, "Swahili. Please," akanipa.

Muziki ukalia. Muziki wa nini na mwanangu anakufa! Kisha mwanamume akasema kwa Kiswahili kizuri, "Habari za saa hizi mama. Mimi ni mshauri wa wanafunzi, na mimi ni mwanamke, nasikiliza."

"Baba, wewe ni mwanamke?"

"Mimi ni mkalimani, mama. Ninayoyasema ni ya kwake. Yeye ndiye anayekusikiliza. Endelea."

Nikasema. Nilisema mwanangu ni mgonjwa mahututi, nikataja jina lake kamili, jengo lake, chumba chake. Nikasema tumbo, homa, anaweweseka. Mkalimani akageuza, mwanamke nyuma yake akasema kitu kifupi kwa haraka, na mkalimani akasema, "Natuma gari la wagonjwa sasa hivi. Mama, kuna jambo lingine lolote tunalopaswa kulijua kuhusu afya yake?"

Wifi alikuwa amenishika kiwiko.

Nikasema, "Hakuna."

Nikakata.

"Hujasema," wifi akasema.

"Wataona wenyewe. Si madaktari?"

"Wataona kompyuta! Kompyuta inasema hana kidole tumbo. Wataanza kutafuta figo, watatafuta maini, watatafuta mpaka yai la kuku, na mtoto anaondoka! Hujasema!"

"Nikisema anarudishwa."

"Arudi! Arudi akiwa anatembea, wifi! Unataka arudi kwenye sanduku lililopigiliwa misumari, ndiyo utajua kwamba alikuwa injinia?"

Naliandika neno hilo kama lilivyosemwa. Nilimpiga kofi. Sijawahi kumpiga mtu mzima maishani mwangu. Hakunirudishia. Alichukua simu, akabonyeza ile namba tena, akasema yale maneno yake mawili, akanishikisha sikioni kwa mkono wake mwenyewe, na shavu lake limekuwa jekundu.

Muziki tena, simu inakatika, tunapiga upya, mpaka saa nzima ikapita. Nilikuwa nikihesabu pumzi za mwanangu, nikijua siwezi kuzisikia.

Alikuja mkalimani mwingine, wa kike safari hii. Sikungoja aniulize. Nilisema, "Mwambie mama huyo kwamba nilidanganya. Kwenye kompyuta yenu mwanangu amepasuliwa. Hajapasuliwa. Tumbo lake halina kovu. Aliyepasuliwa ni mwenzake, kwa kadi yake, na mimi niliposikia nilimsifu. Alipoumwa nikamkataza asije kwenu. Kama kuna wa kufukuzwa mnifukuze mimi, ila mpasueni, nawaomba mpasueni."

Nilimsikia mkalimani akivuta pua. Kisha akageuza.

Mshauri alikuwa yuko hospitali mwenyewe. Simu ya ofisi ilimfuata huko. Akasema, na mkalimani akasema, "Mama, tumekwisha kujua. Daktari alisoma kumbukumbu, akataka kusubiri vipimo vingine. Rafiki yake akaja akasimama kati ya daktari na kitanda, akafunua blauzi yake mbele yetu sote, akasema operesheni hiyo ni yangu mimi, yeye hajaguswa. Wameondoka naye mbio. Yuko chumba cha upasuaji."

Nilimuuliza kama atapona.

"Sijui, mama," akasema. "Nitabaki hapa. Nitakupigia mimi mwenyewe."

Wifi amekaa nami. Baba yake amekaa nasi. Mvua inapiga bati, na kila inapozidi nafikiri ni simu.

Ijumaa, 29 Machi

Lilikuwa limepasuka. Wamemsafisha ndani, wamemwekea mirija. Hajaamka sawasawa.

Jumamosi, 30 Machi

Homa haijashuka. Mshauri amepiga, na mkalimani. Nimeshaijua sauti ya mshauri nyuma ya maneno. Ni nzito, kama ya mtu aliyelelewa na bibi.

Jumapili, 31 Machi

Bado.

Jumatatu, 1 Aprili

Bado. Mama wa mapazia ya chumba cha wageni amepita, ameuliza, "Injinia hajambo?" Nilifungua mdomo kusema hajambo, yuko ng'ambo, anajenga madaraja. Nikasema, "Anaumwa sana. Niombee." Akaweka mkoba chini, akakaa.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemsikia! Neno moja. Alisema "Mama," kisha nesi akachukua simu. Baba yake alikuwa mezani na redio ya mtu imefunguliwa matumbo, akaiinamia, na machozi yakadondokea humo ndani. Itabidi aikaushe.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemwomba wifi radhi. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri sana, mengine ya kwenye harusi. Alinikatisha. "Wifi, mkono wako mwepesi. Nilidhani ni inzi." Kisha akageukia dirishani na kukata kitambaa kilichokwisha kukatwa.

Nimemtazama huyu mtu mwaka hadi mwaka nikiona kijicho. Mwanangu anapoweweseka anamwita yeye. Mimi nilikuwa mlangoni na wateja, basi nani alikuwa akimsikiliza mtoto akisoma kwa sauti pale chini ya meza ya kukatia?

Jumanne, 9 Aprili

Injinia anakaa kitandani. Anakula. Sasa hofu imebadilisha nguo, imerudi kwa mlango mwingine. Kutakuwa na kikao cha nidhamu, yeye na Kicheko.

Leo mshauri amenieleza jambo ambalo limeninyima hata usingizi wa mchana. Anasema chuo kina mfuko wa dharura kwa mwanafunzi wa kigeni ambaye bima yake imekatika. Upo miaka yote. Kicheko angebisha mlango wake tu, wangemlipia na kumwekea bima upya wiki hiyohiyo.

Nilimwuliza, "Mbona hamkuwaambia?"

"Tuliwaambia, mama. Siku ya kwanza. Siku ileile tuliyowasomea adhabu."

Basi walisikia adhabu. Hata ningekuwa mimi, ningesikia adhabu.

Akasema tena, kwa sauti ya chini, na mkalimani naye akashusha yake, kwamba atalipeleka hilo kwa wakubwa zake, kwamba mambo mawili hayo yasisemwe siku moja.

Jumatano, 17 Aprili

Kikao kimefanyika. Nilisikilizwa kwa simu. Nimewaambia maneno yangu: kwamba kwetu kadi ni kama sufuria, na kwamba nilijua ni kosa tangu nesi alipouliza kidonda, na kuanzia hapo kosa ni langu. Walinishukuru. Sijui kumshukuru mtu kwa kitu kama hicho kunamaanisha nini.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua imepungua. Majibu yametoka. Injinia amepewa onyo la maandishi, anabaki. Kicheko amesimamishwa muhula mzima, arudi nyumbani, nafasi yake watamtunzia. Gharama ya operesheni yake mfuko utaibeba.

Nilishangilia, nikamaliza kushangilia, nikakaa. Aliyefunua tumbo lake ili wangu aishi ndiye anayefungasha. Nilimwambia mshauri si haki. Akasema, "Nilisema hivyohivyo, mama. Nilikuwa mmoja."

Jioni Kicheko akanipigia. Anasema ndege yake ni wiki ijayo na mama yake hajui kitu. Hajui kukatika kwa bima, hajui operesheni, hajui kusimamishwa. Amejaribu kumpigia, akisikia sauti ya mama yake anauliza habari za kuku.

"Mama, nisaidie kumwambia."

Nimeshamkabili mshauri, wakalimani, na kikao kizima. Hili ndilo lililonitisha kuliko yote baada ya ile Alhamisi. Kwa kuwa najua ningekuwa mimi ningesikiaje.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimempigia. Mama yake Kicheko ni mpishi wa shule ya bweni. Masufuria yalikuwa yakigongana nyuma yake.

"Mimi ni mama wa yule anayekaa chumba kimoja na binti yako."

"Aa! Yule wa madaraja! Huwa ananisimulia. Hamjambo huko?" Kisha sauti ikabadilika. "Kuna nini?"

"Mzima. Mzima kabisa. Ila anarudi nyumbani kwa muhula mmoja."

"Amefeli?"

"Hajafeli."

"Mimba?"

"Hana mimba, mwenzangu. Nisikilize."

Nikamweleza. Bima, bafuni, kadi, kompyuta. Nikamweleza na kofi nililompiga wifi, sijui kwa nini, lilitoka tu. Hakunikatisha. Masufuria yalinyamaza pia, nadhani wenzake walikuwa wamesimama.

"Mwanangu kapasuliwa," akasema, "na mimi nilikuwa hapa nakoroga maharage."

"Hakutaka ufe kwa presha."

"Na wamemfukuza."

Hapo nikaona anakwenda kuzama, na mimi kitu kimoja ninachokijua duniani mbali ya mapazia ni kumsifu mtoto. Nikaanza. Nilimwambia walikuwapo madaktari wamevaa makoti, walikuwapo manesi, yupo mshauri, na kompyuta imeshasema, na hakuna mtu aliyethubutu kuipinga kompyuta. Nikamwambia binti yako alikuwa anajua. Alijua akifunua tu, masomo yake ndiyo hayo yameondoka. Angeweza kubaki korido. Mimi mwenyewe, mama mzazi, niliulizwa kwa upole kama kuna jambo lingine, nikasema hakuna. Yeye hakuulizwa. Alipita katikati ya watu wazima, akafunua.

Kisha akauliza, "Kovu lake likoje?"

Wangu amenieleza, maana na yeye sasa analo lake, refu. La Kicheko ni tofauti. "Ni matatu," nikamwambia. "Madogo. Kama vitundu vya vifungo kwenye shati la mtoto."

Nikamsikia akigeuka na kumwambia mtu, "Njoo ushike mwiko huu, mimi nimeshindwa." Kiti kikaburutwa.

Kisha akasema, "Mama, rudia. Rudia pale alipopita katikati yao."

Nikarudia.